Migongo ya Jukwaa la Kumi na Nne

Ukitaka kumjua shabiki wa Korongo, ile timu ya mpira wa Kimarekani, mtajie Kocha Garland Teague, halafu vuta kiti ukae, maana hutaondoka hapo leo. Miaka kumi na miwili imepita tangu Chuo cha Hadley kimfukuze, na bado kila mtu mjini ana lake la kusema. Daktari wa meno anasema Teague alikuwa na akili ila hakuwa na moyo. Mama wa saluni anasema moyo alikuwa nao, alichokosa ni akili. Mchungaji, ambaye ungetegemea awe na huruma kidogo, anasema mtu anayewaachia wapinzani mpira kwa kuamuru upigwe mbali kwa mguu wakati zimebaki hatua mbili tu, badala ya kuthubutu kuzimaliza, mtu huyo hana imani, na wala hasemi habari za mpira peke yake. Wengine wanamlaumu kwa kutafuna jojo. Jojo, jamani! Eti kocha anayetafuna upande mmoja wa mdomo si wa kuaminika.

Lakini hao wote walikuwa wanafunzi tu. Mwalimu wao alikuwa Delmar Vondra.

Delmar alikuwa dereva wa lori la mahindi, mzee wa miaka sitini na minne, shingo nene iliyobabuka kwa jua na sauti ya kuitia ng'ombe. Kila Jumatatu asubuhi alipiga simu kwenye kipindi cha michezo cha redio, akijiita Delmar wa Maghalani, na watu waliegesha magari kando ya barabara wamsikilize. Ugomvi wake na kocha ulikuwa na sababu iliyojulikana Nebraska nzima. Mwanawe wa pekee, Trent, ndiye aliyekuwa mrushaji wa timu, yule ambaye kila mpira unaanzia mikononi mwake. Katika mechi ya mwisho wa msimu, dhidi ya Brandt, mahasimu wao tangu enzi za mababu, Teague alimkalisha Trent benchi kipindi chote cha pili. Korongo walikuwa mbele. Wakapigwa kwa pointi mbili. Waandishi walipomzonga kocha kumuuliza kwa nini, alitoa maneno matatu: "Ulikuwa uamuzi wangu." Akaingia garini.

Ee bwana, Delmar alimla nyama. Jumapili yake, ametoka kanisani na tai bado iko shingoni, alibeba kibao cha NYUMBA INAUZWA na nyundo, akaenda kukipigilia kwenye majani mbele ya nyumba ya kocha, mchana kweupe. Ndivyo wanavyomuaga kocha huko. Hakuna barua, hakuna kikao, unaamka unakuta nyumba yako inauzwa na wewe huna habari. Vibao vilifika kumi na moja kabla ya Jumatano. Wiki ya pili chuo kikamtimua. Na kila mwaka majira ya kupukutika majani Delmar alikisimulia kile kibao chake cha kwanza, na kila mwaka nyundo iliongezeka ukubwa.

Sasa mwaka huu wachezaji wa zamani wakakishika chuo kooni mpaka kikakubali: Teague aalikwe, wakati wa mapumziko apelekwe katikati ya uwanja, atajwe jina, apigiwe makofi kama binadamu. Alikuwa anafundisha hesabu katika shule moja ndogo huko Dakota Kusini. Habari zilipotoka, Delmar alishika simu kabla hata chai haijapoa.

"Sisi si wahuni," alisema redioni. "Hatuzomei mtu. Jukwaa la kumi na nne, akitajwa tu, tunasimama, tunageuka, tunampa mgongo. Kimya. Aone migongo ya watu aliowavunja moyo."

Lo, maneno yalikimbia! Kufikia Alhamisi kulikuwa na fulana zimeandikwa MGONGO, na jukwaa la kumi na tatu na la kumi na tano nao wakataka kuwemo.

Jumamosi ya mechi, saa tatu asubuhi, kiwanja cha kuegeshea magari kilishajaa moshi. Delmar alikuwa amefungua nyuma ya pikapu yake, sufuria la mchuzi wa pilipili wa nyama na maharage linatokota, mikate ya mdalasini imepangwa kando, maana huko hivyo viwili haviachani. Lyle Hruska, jirani na rafiki yake tangu shule ya msingi, alikuwa amevaa fulana ya MGONGO juu ya sweta. Watu walipita wakimpa Delmar mkono kama bwana harusi.

Ndipo Trent akatokea, peke yake, mikono mfukoni. Alikuwa na miaka thelathini na minne, anaishi Omaha, na haja ya kuja mechini hakuwa nayo tena. Mara ya mwisho kukanyaga pale ni mazishi ya mama yake yalipoangukia wiki ya mechi.

"Mwanangu huyo!" Delmar alipaaza sauti. "Lyle, mpe mkate. Mkubwa kabisa."

"Baba, nina neno na wewe."

"Sema. Hapa hakuna mgeni."

"Si hapa."

Wakazunguka mbele ya pikapu, kwenye boneti. Trent hakutaka mkate.

"Hiyo habari ya mgongo, ifute."

"Niifute vipi? Imeshatoka hiyo."

"Mimi nitakuwa pale chini, Baba. Nitasimama naye."

Delmar alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Na nani? Na yule aliyekuweka benchi kama gunia la viazi, dunia nzima inakuangalia?"

"Si yeye aliyeniweka. Yeye alinyamaza tu, na nilimwomba mimi."

"Ulimwomba nini?"

"Nilikuwa sioni." Trent alisema akitazama kioo cha gari. "Nilipigwa kichwa kabla ya mapumziko. Nikawa namuona kila mtu wawili wawili. Nilitapika kwenye chumba cha kubadilishia nguo mpaka nikaishiwa. Daktari akasema sirudi. Kocha akasema sawa, ngoja nimwite baba yako. Nikamshika mguu. Baba, nilimshika mguu mtu mzima, nikamwambia usimwambie baba yangu. Sema lolote lakini usimwambie kuwa mimi ndiye niliyeshindwa."

"Kwa nini?" Delmar aliuliza, na ile sauti ya kuitia ng'ombe haikutoka.

"Umesahau mwaka ule wa kidole? Nilivunjika kidole, nikakaa nje mechi mbili. Hukunisemesha siku kumi na tisa. Nilizihesabu. Siku ya Shukrani tulikaa meza moja, wewe ukawa unamwambia mama, mwambie huyo apitishe viazi. Huyo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na nilikuwa nakuogopa kuliko ninavyoogopa kifo."

Delmar alitaka kusema hiyo ilikuwa mizaha. Lakini alikumbuka vizuri sana kuwa haikuwa mizaha. Alikumbuka hata bakuli la viazi.

"Kocha akanipa neno lake," Trent aliendelea. "Akalishika. Kazi ikaenda, nyumba ikaenda, na hakusema. Na mimi nikakaa kimya miaka kumi na miwili kama mwizi, kwa hiyo usidhani nakuja hapa na mikono misafi. Usiku wa mechi ile alikataa nilale bwenini peke yangu na kichwa kile. Akanichukua kwake. Ile Jumapili ulipokuwa unapigilia kibao, mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa nakula supu. Mama Teague, mkewe, alikusikia, akachungulia, akavuta pazia ili nisikuone. Lakini nyundo nilikuwa naisikia. Na sauti yako ikiimba wimbo wa timu."

Hapo Delmar Vondra, ambaye hakuwahi kukosa neno redioni wala kanisani, aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni kama homa. Si aibu ya kuchekwa, hiyo aliizoea. Ilikuwa ile ya kutamani ardhi ipasuke immeze na pikapu yake na sufuria lake na kila Jumatatu aliyowahi kushika simu.

"Niachie," alisema. "Nitalimaliza. Redio wako pale kwenye trela, wataniita tu. Nitawaambia."

"Utawaambia yote?"

"Yote."

"Baba, niangalie. Yote?"

"Nimesema yote, Trent."

Trent akamgusa bega, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi, akaenda kuungana na wachezaji wenzake. Na mguso ule Delmar aliuthamini kuliko ubingwa wote aliowahi kuuona. Akaapa moyoni hataupoteza.

Hakungoja hata kuitwa. Trela la redio lilikuwa limezungukwa na watu mia tatu au zaidi, na mtangazaji, jamaa mmoja anaitwa Rusty, alipomuona tu akaruka.

"Wee! Mwenye mgongo wake huyu hapa! Pigeni makofi!"

Wakampandisha. Wakamtia kipaza sauti mkononi. Makofi yakavuma mpaka yakamtetemesha kifua, na pole pole, ajabu ya mtu, kifua kile kikaanza kuyafurahia kama kilivyozoea.

"Nina neno," Delmar alisema. "Ile habari ya kugeuka. Naona tusigeuke."

Kicheko. Walidhani anawatania.

"Kwa nini tena, mzee?" Rusty akauliza, akiwakonyeza watu.

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa jepesi, maneno mawili tu: mwanangu aliniogopa. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akatazama zile nyuso, majirani zake, watu wa kanisani, yule daktari wa meno, wote wamefungua midomo nusu wakingoja kuchekeshwa. Miaka yote hiyo walikuwa wakimtazama hivyo, na hawakuwahi kumtazama vingine.

"Viuno," Delmar akasema. "Tumezeeka. Tukigeuka wote kwa mpigo mmoja, ambulensi hazitatosha."

Basi walivunjika mbavu. Rusty alilia machozi. Mtu akapiga kelele "Mgongo! Mgongo!", wengine wakadaka, na Delmar akashushwa trelani akipigwa mabega, anatabasamu. Alijiambia atarudi kupanda. Alijiambia baada ya tangazo la magari. Alijiambia hivyo mpaka milango ya uwanja ikafunguliwa.

Mapumziko yalipofika Korongo walikuwa mbele, kila mtu ana furaha. Delmar alisimama kwenye kiti chake, safu ya juu kabisa ya jukwaa la kumi na nne, mgongo wake ukigusa ukuta, Lyle safu moja chini yake. Kule chini wachezaji wa zamani walitoka wakiwa wamevaa makoti, vipara vingine vinang'aa, na katikati yao mzee mmoja mwembamba aliyetembea kwa kuchechemea. Trent alikuwa amemshika kiwiko.

"Mabibi na mabwana," spika zikasema, "Kocha Garland Teague!"

Wakageuka. Jukwaa zima, na la kumi na tatu, na la kumi na tano. Watu elfu tatu, wanaume, wanawake, vikongwe na fimbo zao, waliinuka kimya kama walivyoagizwa, wakaupa uwanja mgongo. Na kwa kuwa Delmar alikuwa juu ya wote na hakugeuka, nyuso zote elfu tatu zikawa zinamtazama yeye. Zinatabasamu. Wengine walimnyanyulia dole gumba. Mchungaji alimpungia kofia.

Juu ya vichwa vyao aliona kocha amevua kofia. Aliona Trent anatazama juu jukwaani, anatafuta. Hata kwa umbali ule Delmar alijua wakati macho ya mwanawe yalipompata, maana Trent aliacha kutafuta. Akageuza uso, akamwinamia kocha sikioni, wakaendelea na safari yao.

"Umeona, bwana?" Lyle alimwambia, uso umejaa furaha. "Umeona ulichofanya?"

"Lyle," Delmar alisema. "Trent alikuwa haoni. Siku ya Brandt. Aliumia kichwa, na kocha akamkalisha kumwokoa. Trent akamsihi asiniambie. Kwa sababu yangu. Alikuwa ananiogopa mimi."

Lyle hakuelewa mara moja. Tabasamu lilibaki usoni peke yake kama mgeni aliyesahau kuondoka.

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Leo."

"Leo saa ngapi?"

"Asubuhi. Pale kwenye boneti."

Lyle alimwangalia. Walikuwa wamejuana miaka hamsini na nane, wamezikiana wazazi, na Delmar hakuwahi kuangaliwa na mtu huyu namna ile.

"Kabla ya trela," Lyle akasema.

"Kabla."

"Ulikuwa na kipaza sauti mkononi, Delmar."

Akavua ile fulana ya MGONGO, akaikunjakunja, akaiweka chini ya kiti. Kisha akageuka kuutazama uwanja, peke yake kati ya wale elfu tatu waliogeuka, akaanza kupiga makofi. Delmar aliinua mikono yake ampigie kocha na yeye. Watu wa safu za chini walipomuona ameinua mikono, walidhani anawapongeza wao, wakamshangilia.