Kuku na Bata Chini ya Paa Moja

Kifaranga wa tano alifia kiganjani mwangu asubuhi ya Ijumaa, amelowa chapachapa. Wale mashetani wa manjano, bata wadogo, walikuwa bado wanaoga kwenye bakuli la maji kana kwamba hapakuwa na msiba.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Mukuju na kapu moja na jicho limevimba. Baba yangu, mzee Opendi, hakuuliza habari za jicho. Alisema tu nifuge ndege. Nikiwafikisha sokoni, kile kipande cha shamba kando ya migomba ni changu, nilime, nijenge. Wakifa, atanirudisha mwenyewe Nagongera, kwa mume wangu Ochwo.

Nikanunua Busia vifaranga ishirini wa kuku na kumi wa bata. Makaa ya kuwapasha joto hayakutosha vyungu viwili, nikawatia wote boksi moja. Nilijiona mjanja kweli!

"Kuku na bata chini ya paa moja?" Baba alicheka mlangoni. "Wewe na Ochwo mlikuwa wawili tu, mkashindwa."

Lo, iliniuma! Nililia, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonifaa. Niliketi nikawatazama siku nzima. Bata hakuwa mwovu. Alitaka kuzamisha mdomo mpaka puani, basi, lakini mimi nilikuwa nimempa bwawa. Nikachukua jerikeni kuukuu, nikalitoboa matundu ya kupita kichwa tu, nikaliweka juu ya chekeche la waya la kuchekechea mchanga, na chini yake karai. Maji yaliyomwagika yakaishia karaini. Kuku wakakauka. Baridi ikija, walijibanza katikati ya bata, wakalala lundo moja.

Hakufa hata mmoja tena.

Leo nyumba yangu imesimama kando ya ile migomba, ina bati na mlango wa buluu. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni jioni ile ya soko. Nilirudi na kapu tupu, naimba barabarani kama mlevi. Jogoo mmoja nilikuwa nimembakiza, nikampikia Baba.

Kwetu firigisi ni ya mwenye boma. Mwanamke haigusi hata kwa kuonja chumvi. Baba aliitafuta mchuzini kwa vidole, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, Abbo, kabla haijapoa."

Niliila yote, polepole, yeye akiguguna shingo.