Gari Lililozama

Kazi yangu ni kufufua magari ya zamani, hasa yale ya kwanzakwanza ya porini, ya kioo kinacholala juu ya boneti na milango ya turubai. Ni kazi ya kulala chini ya chuma mpaka mgongo unakukana. Mke wangu husema nimeoa wake wawili, na mke mkubwa ana kutu. Simbishii, sina nguvu hizo tena.

Gari hili nililikuta mji wa mbali kwa wauza chuma chakavu, limelaliwa na mafriji mabovu. Nikasugua chasisi mpaka namba ikaonekana, kisha nikaanza kuulizia. Kufuatilia asili ya gari ni kama kufuatilia ukoo: kila unayemuuliza anakuelekeza kwa mtu aliyekwisha kufa. Mwishowe nikampata mzee mmoja aliyewahi kutunza stoo ya wapima barabara hapa mjini kwetu, akaitambua namba.

"Hili lilizama," akaniambia. "Lilisombwa na mto likiwa jipya kabisa, pamoja na dereva wake. Gari halikuonekana, na mtu hakuonekana."

Mke wa dereva huyo namjua. Anakaa mtaa wa nyuma, anashona mapazia, na mtaa mzima unamwita Mjane. Hata watoto wanaotumwa kwake hawajui jina lingine. Habari zilimfikia kabla sijajua nimwanzie wapi. Akaja gereji, akalizunguka gari bila kuligusa.

"Fundi, nina swali moja tu," akasema. "Siku ile lilikufa, au liliendelea?"

Nilimwelewa. Ofisi ilimwambia mumewe amekufa maji. Wambea wakamwambia ameonekana mahali, mzima wa afya, ana nyumba nyingine. Yeye akashika neno la ofisi, akakaa na msiba wake. Lakini maiti hakuiona, na msiba usio na kaburi hauishi. Walipokuja watu kumposa aliwakatalia, kwa sababu hakuweza kuapa kwamba yeye si mke wa mtu.

"Nikilifungua lote nitakuambia, mama," nikamwahidi. Mdomo huponza kichwa, waliosema walijua.

Katika kazi yangu sheria ni moja: kila kitu kirudi kilivyotoka kiwandani. Alichoongeza mwenye gari kinaondoka. Sasa pedeli ya klachi ilikuwa imeongezwa juu yake chuma kinene, kazi ya kienyeji. Sikujiuliza kitu. Nikawasha grinda nikaanza kukila kile chuma, mkono mbele, akili nyuma. Nilipozima nikaona si kipande kimoja. Cha kwanza kilikanyagwa mpaka kikalika, kikaongezwa cha pili juu yake, nacho kikalika, kikaongezwa kingine tena.

Nikakaa sakafuni. Yule mzee wa stoo alikuwa amenihadithia, huku anacheka, kwamba dereva wao alikuwa na mguu wa kushoto mfupi, ndiyo maana alijiongezea chuma kwenye klachi, la sivyo mguu haufiki. Lakini kulika namna ile ni kazi ya miaka na miaka, na gari lilipotea likiwa jipya. Mtu mwenye mguu mfupi aliliendesha mpaka likazeeka.

Ningeishia hapo ningebaki na kitu cha kumwonyesha Mjane. Lakini nusu nilishaikata, na nikaingiwa na huruma, au uvivu, siku hizi sijui tofauti yake. Nikaimaliza nusu iliyobaki, nikasawazisha, nikapaka rangi nyeusi. Ikawa pedeli kama pedeli nyingine.

"Mwambie alikufa," mke wangu akasema nilipomweleza. "Mama wa watu keshazeeka, unataka umpe nini sasa?"

"Ameomba ukweli."

"Ameomba kupumzika," akasema, akaendelea kuosha vyombo.

Siku gari lilipowaka nilimwita. Alikuja na gauni la kutokea na mkoba mkononi, utadhani anakwenda kusikiliza kesi. Nilizungumza naye huku natazama tairi.

"Lilikufa siku ile, mama. Nilikuta limejaa mchanga wa mto. Halikwenda tena."

Akashusha pumzi ndefu. "Haya. Naomba nikae ndani kidogo."

Nikamsaidia kupanda kiti cha abiria. Alipoweka miguu, magoti yalimpanda karibu na kifua. Akainama kutazama. Mbele ya kiti, juu kidogo ya sakafu, kulikuwa na bomba fupi lililochomelewa. Mimi nililiacha kwa kudhani ni la kiwandani.

"Hili la nini?"

"La kuzuia dumu la maji, mama."

"Dumu gani linakaa miguuni mwa mtu?" Akapapasa pale bomba liliposhikana na chuma, kidole kikasimama. "Mume wangu hakujua kumaliza. Kila akichomelea anaacha nundu mwishoni. Kitanda alichoniundia kina nundu hizi miguu yote, najigonga nazo mpaka leo."

Akairudisha miguu juu ya bomba, magoti yakampanda tena.

"Hili ni la kuwekea miguu," akasema. "Miguu ya mtoto, isining'inie. Na sisi hatukujaliwa mtoto, fundi."

Akanigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama. Pedeli ya klachi ilikuwa imelika kwa kukanyagwa. Nimeikata. Nisamehe."

"Na wewe umechoka, ukataka yaishe," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

"Nilete grinda nilitoe hilo bomba?"

"Liache. Mtoto hana kosa."

Akafungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu.

"Yule fundi saa wa kona ya sokoni unamkumbuka?"

"Namkumbuka. Si amefariki mwaka jana?"

"Aliniposa nikamwambia mimi mke wa mtu. Akasema atasubiri. Nikajua maneno ya wanaume tu. Kumbe akasubiri kweli. Kila nikipita ananiuliza, 'Bado?' Namjibu, 'Bado.' Tukawa tunacheka. Mpaka meno yakamtoka anauliza hivyohivyo. Hakuoa yule. Na alipokufa hata msibani sikwenda. Niliona aibu, watu watasema Mjane ana misiba miwili." Akajifuta midomo kwa kiganja. "Nimemlilia mtu aliyekuwa anaendesha gari na mwanawe, na wangu nikamwacha azikwe na majirani."

Nilitaka kumwambia hakujua, kwamba hakuna ambaye angeweza kujua. Lakini alikwisha kuambiwa uongo wa kumtuliza na ofisi, kisha na mimi, nikaona basi inatosha.

"Hili linatembea?" akauliza.

"Linatembea, mama, ila si la kwenda mbali."

"Makaburini si mbali. Nipeleke."

Nikazunguka, nikapanda, nikawasha. Alikuwa ameanza kulia kabla hatujatoka getini, kwa sauti, kama watu wanavyolia siku ya kwanza.