Majina Mawili kwenye Karatasi Moja

Tangu viza za Thailand zihamie mtandaoni, wengi walinitabiria njaa. Zamani watu walikuwa wakipanga foleni alfajiri nje ya ubalozi, nami nikiwauzia kalamu na kuwajazia fomu magotini. Siku hizi foleni hakuna, kila mtu ana simu na kila mtu ni mjuaji. Akishakwama ndipo anakuja dukani kwangu jasho likimtoka, ooh, Mama Vilay, mashine imekataa picha yangu. Mashine haina kinyongo na mtu. Umepiga picha na miwani ya jua, ulitegemea nini?

Dilliram hakuwa mjuaji, na hilo lilinifanya nimpende mapema. Alivua viatu mlangoni, akaviweka sawasawa, akasubiri mpaka nimalize kutoa kopi za mtu mwingine. Mnepali, mpishi. Mkahawa aliokuwa akipikia kule Nong Khai ulifungwa, na kwa kuwa viza yake ilitegemea kazi, kazi ilipokufa na viza ikaenda. Mkewe ni Mthai, wanakaa Si Chiang Mai, ng'ambo ya mto, pale tunapotazamana napo. Sasa alitaka viza ya mume wa mtu, na hiyo huombwa ukiwa nje ya nchi. Kwa hiyo alivuka daraja akaja kwetu Laos, hapa Vientiane, akapanga chumba changu cha uani.

Sharti ni kwamba ombi likiwa linakaguliwa, unakaa palepale ulipoombea. Na pasipoti yake si ya kukanyaga Thailand bila viza, hata kwa saa moja. Mkewe naye asingeweza kuja, maana tumbo lilikuwa kubwa na daktari alimkataza hata kupanda pikipiki. Mimba mbili za kwanza zilitoka. Dilliram alinieleza hayo akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesoma bei ya kitu asichoweza kukinunua. Alitaka jambo moja tu duniani, kuwa nyumbani mtoto atakapofika.

Mkewe anaitwa Kop, yaani chura. Hilo ni la nyumbani, maana huku mtoto hupewa jina la mnyama ili pepo wasimtamani. La serikalini ni jingine, na hapo ndipo pilipili ilipoingia jichoni.

Tulituma kila kitu, pasipoti, hati ya ndoa, kitambulisho cha mke, picha za wawili hao wamekaa kitandani wanacheka kwa kulazimishwa. Baada ya muda jibu likarudi. Jina la mke kwenye hati ya ndoa si la mke aliye kwenye kitambulisho, thibitisha kwamba ni mtu mmoja. Nikamuuliza Dilliram kama ana wake wawili, aniambie mapema nijue la kujaza.

Hakucheka. Akanieleza kwamba baada ya mimba ya pili kutoka, Kop alikwenda kwa mtawa wa hekalu lao, akaambiwa jina alilozaliwa nalo lina mkosi. Akapewa jipya, Phitchaya, akaenda wilayani akalibadilisha. Mimba ya tatu ikashika. Lakini mtawa aliweka sharti kwamba jina la zamani na jipya yasikae kwenye karatasi moja mpaka mtoto azaliwe na mama atoke motoni. Na kutoka motoni si siku mbili tatu. Mzazi huku hulala kando ya moto mpaka mwili ukauke ndani, na mume ndiye mpasua kuni na mchochezi.

Mimi nilicheka. Nusu ya Thailand imebadilisha majina, na wilaya ikikubadilishia hukupa cheti. Mkaguzi alikuwa anataka hicho tu, anakiomba kila siku ya Mungu. Tukikitia, wiki haiishi yuko kwake.

"Cheti hicho kina majina yote mawili, mama," akasema. "Yamepangwa moja juu ya jingine."

Nikamwambia yameshakutana basi, maana hati ya ndoa na kitambulisho vimo kwenye ombi lilelile, ndani ya mashine yangu. Akafikiri, kisha akanijibu kwa upole kwamba yale yamekaa kila moja na karatasi yake, kama ndugu waliogombana lakini wanakaa mtaa mmoja. Cheti ndicho kinachoyalaza kitanda kimoja.

Akampigia Kop. Sikuielewa yote, maana aliongea chini chini, lakini kilio cha mwanamke hakihitaji mkalimani. Cheti alikuwa amekifunga kwenye kitambaa na kukitia sandukuni mwa mama yake. Alimwomba mumewe aape kwamba hakitatumika, naye akaapa.

Mimi sikuapa kitu. Nikamtafuta mama yake Kop, Bibi Uan. Lugha yetu na yake ni moja, tofauti ni kwamba wao huivuta. Nikamweleza. Bibi akaguna, akasema magoti yake hayawezi kupasua kuni, na moto wa mzazi bila mume atauchochea nani, jirani? Kesho yake asubuhi picha ya cheti ikaingia kwenye simu yangu, na onyo kwamba Kop asijue.

Nikamwita Dilliram nikamwonyesha. Akageuza uso haraka kama nimemwonyesha mtu akiwa uchi.

"Wakikiona hiki watakubali?" akauliza.

"Ndicho pekee wanachokitaka."

"Basi kiache hapohapo."

Hasira zikanipanda, sitaficha. Nikamwambia mke anayempenda mumewe hamfungi ng'ambo ya mto kwa maneno ya mtawa. Nikamwambia yeye si wa huko, kwao Nepal hakuna sharti hilo, anajibebesha mzigo wa nini? Nilisema mengi, mengine ya kumuumiza.

Akaniacha nimalize. "Mimi siamini, mama," akasema. "Yeye anaamini, na tumbo ni lake. Huyu naye akifa, Kop atatafuta kilichomuua. Sitaki atafute mpaka anikute mimi." Kisha akaongeza, "Ukikituma kwa siri, viza ikitoka sitavuka."

Nikaachana naye. Ombi likakaa, halikataliwi wala halikubaliwi. Dilliram akawa ananipikia dengu jioni, ananioshea vyombo, anafagia ua ambao haukuwa mchafu. Sisouk, dereva wa bajaji anayeegesha mbele yangu, alizoea kumtania kwamba mume wa watu ameolewa na Mama Vilay, na mahari ni dengu. Dilliram alikuwa akitabasamu na kumpelekea sahani. Onyo likaja kwamba tusipojibu kabla ya mwisho wa mwezi, ombi litafungwa na ataanza upya. Nikamsomea mara mbili. Akasema amesikia.

Uchungu ulimkamata Kop asubuhi moja ya siku ya soko. Bibi Uan akapiga kusema wako hospitali. Dilliram akakaa sakafuni karibu na mashine ya kopi, mikono katikati ya magoti, na wateja wakawa wanamruka. Sikuweza kumfukuza. Nilimletea wali wa kunata, haukuguswa. Adhuhuri simu ikalia, msichana, analia, mzima. Akanishika miguu mimi, utadhani ndiye niliyezaa, kisha akatoka akasimama nyuma ya bajaji ya Sisouk ili asionekane. Sisouk siku hiyo hakumtania.

Picha alitumiwa. Alizitazama mpaka simu ikaisha chaji. Lakini cheti bado alikataa, maana sharti lilikuwa mpaka mama atoke motoni, na mama ndiyo kwanza alikuwa ameingia. Mwezi nao ulikuwa unakatika. Nilimwonea huruma, na nilimwona mjinga, yote mawili kwa wakati mmoja. Kule ng'ambo kuni alikuwa akipasua mjukuu wa jirani, anazikata nene mno, moto unatoa moshi tu.

Siku moja kabla ya ombi kufungwa, Kop akanipigia mimi, si mumewe. Hatukuwahi kuongea. Bibi Uan, kwa uchovu na magoti, alikuwa amemwaga mtama wote kwenye kuku.

"Shikamoo mama. Picha ya cheti iko kwako?"

"Marahaba. Iko."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujajifungua."

"Naye anajua?"

"Anajua. Alinikataza kuituma."

Nikasikia kuni zikipasuka motoni, na mtoto akianza kulialia. Dilliram alikuwa ametoka chumbani na ufagio mkononi, ameijua sauti. Nikaweka spika.

"Kwa hiyo angeweza kuwepo," Kop akasema. "Siku ile."

Alikuwa haniulizi mimi.

"Yupo hapo?"

"Yupo."

Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua ndoo. "Mwambie Lamduan anamwita aje nyumbani," akasema. "Na Phitchaya anamwita. Sote wawili."

Dilliram aliuangusha ufagio. Alikuja kuniambia baadaye kwamba hakuwahi kusikia jina la zamani likitoka kinywani mwake tangu alipolizika. Akaisogelea simu. "Kop, umeyataja. Umeyataja pamoja."

"Nimeyataja. Mtoto huyu hapa, msikilize."

Tukasikiliza. Alikuwa analia kweli, kwa nguvu, na hakunyamaza. Nikakituma kile cheti.