Mshindi Atapakwa Hina

Mume wangu Gitobu hana subira na ujumbe wa grupu. Alipoingizwa kwenye grupu la Wikendi ya Gia Moja, alisoma salamu tatu, utani mmoja wa ngamia na ujumbe wa mtu aliyepoteza pampu yake, kisha akalizima sauti na kuniambia, "Mama Kendi, wewe soma. Kukiwa na jambo la maana utaniambia."

Kwa hiyo lawama, kama ipo, tugawane.

Wikendi ya Gia Moja ilianzishwa na Sadiya, mwenye duka la spea za baiskeli karibu na soko hapa Isiolo. Mara moja kwa mwaka, watu thelathini hivi huendesha baiskeli hadi kambi iliyo kando ya laga, ule mto wa mchanga ulio upande wa barabara ya Kipsing. Wanashindana, wanakula, wanalala huko usiku mmoja, wanarudi mjini wakiwa wamechomwa na jua. Sharti kubwa ni kwamba baiskeli iwe na gia moja. Kama yako ina nyingi, Sadiya anaifunga kwa waya na kuupiga lakiri, na ukikutwa umeukata, utaosha masufuria ya kambi nzima. Sheria zote ni saba, na huwekwa kwenye grupu wiki mbili kabla.

Sheria ya saba ilisema: Mshindi atapakwa hina mikono yote miwili, kutoka vidoleni hadi kiwikoni, kama bi harusi. Akikataa, hatakula pilau.

Niliisoma nikiwa kibandani kwangu, ninakoshona sare za shule. Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa.

Jioni hiyo Gitobu akauliza, "Kuna jambo la maana kwa grupu?"

"Wamesema tubebe maji," nikamjibu. "Lita tatu kila mtu."

Hiyo ilikuwa sheria ya nne. Sikusema uongo.

Lazima mjue Gitobu ni mtu wa namna gani. Ni naibu wa mwalimu mkuu, anafundisha hesabu, na kwake kila kitu ni mtihani. Kendi wetu alipokuwa na miaka sita, walicheza drafti, akala kete zote za mtoto, halafu akamweleza makosa yake moja baada ya jingine. Kwa mwezi mzima kabla ya wikendi hiyo aliamka alfajiri kujaza upepo, na mlio wa pampu ukaniamsha na mimi. Alihesabu meno ya gia, thelathini na mawili mbele, kumi na manane nyuma, akagawanya, akazidisha kwa mzingo wa gurudumu, akabandika jibu kwenye mlango wa friji. Tulipoenda mazoezi pamoja alinipita kila mlima, akaningoja huko juu, na nikifika akaniambia, "Huna pumzi, Mama Kendi. Shida yako ni pumzi." Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya kumi na moja nilinyamaza kabisa.

Jumamosi ikafika. Tulitoka mjini mapema, na kufikia saa tatu tulikuwa kambini, tumejipanga mchangani. Karani mmoja wa mahakama alikuwa amevaa suti na tai. Mwanamke wa duka la dawa alikuwa amefunga kuku hai kwenye kikapu cha mbele, na hakuna aliyemuuliza sababu. Sadiya akapanda juu ya jiwe.

"Salaam aleikum, na habari zenu!" akasema. "Sheria mnazijua?"

"Tunazijua!"

Gitobu alikuwa ameinama akibonyeza gurudumu lake kwa kidole gumba. Hata hivyo sauti yake ndiyo iliyosikika kuliko zote. Karibu na masufuria, Bisharo, ambaye hupamba maharusi wa mji huu kwa hina, alikuwa ameketi kwenye mkeka akikoroga kitu cha kijani kibichi kwenye bakuli.

"Ule ni mchuzi gani?" Gitobu akaninong'onezea.

"Sio wa kula," nikamwambia.

Sadiya akapuliza filimbi, tukaondoka.

Baiskeli ya gia moja haina adabu kwa mtu. Kwenye mchanga unashuka kusukuma. Mlimani unashuka kusukuma tena. Ukipata mteremko ukadhani sasa ni zamu yako, miguu inazunguka bure na huongezi mwendo wowote. Mimi nilikwenda polepole na yule karani wa suti. Tulipofika kituo cha katikati, ambako kila mtu ni lazima amalize kikombe cha maziwa ya ngamia yaliyochacha, tuliambiwa Gitobu alikuwa amekunywa chake bila kupumua na kupotea zamani. Aliyekuwa nyuma yake ni Salad peke yake.

Yaliyotokea huko mbele nilisimuliwa na Salad mwenyewe, na anayasimulia mpaka leo kwa yeyote atakayesimama. Salad ni dalali wa mifugo, mtu wa miaka hamsini na kitu, ndevu zake zimetiwa hina nyekundu kama ilivyo kawaida ya watu wazima wa kwao. Baiskeli yake ni ile nyeusi nzito yenye keria. Huiendesha hadi Kipsing kuangalia mbuzi, kwa hiyo miguu anayo. Lakini kila mwaka humaliza wa pili, na kila mwaka hufanya hivyo kwa makusudi. Kazi yake mwaka huu ilikuwa kuhakikisha wa kwanza anapatikana.

"Mwalimu, nakuja!" alikuwa akipiga kelele nyuma ya mume wangu. "Mwalimu, nakushika!"

Na Gitobu, akisikia hivyo, alikanyaga kana kwamba anafukuzwa na nyuki.

Zikiwa zimebaki kilomita mbili, kwenye kona ya mwisho, alisimama Liban, fundi wa dukani kwa Sadiya, akiwa na kibendera. Liban ana moyo mwema ila hawezi kukaa na neno mdomoni.

"Mwalimu, hongera!" akaita. "Bisharo ameshakoroga! Utatoka bi harusi kabisa!"

Gitobu akafunga breki. "Bi harusi gani?"

Liban akatoa simu, akamsomea sheria ya saba kutoka mwanzo hadi mwisho. Salad anasema mume wangu aliiomba isomwe mara ya pili. Kisha akageuka, akamkuta Salad naye amesimama nyuma yake, amejishika kiuno, anaangalia mawingu.

"Mzee, pita," Gitobu akasema.

"Nipite vipi? Wewe ni mtu wa elimu. Tangulia."

"Wewe ni mkubwa wangu kwa umri."

"Ndiyo maana nakuamuru. Tangulia."

"Hina unayo tayari kwa ndevu, mzee. Ukiongeza mikono kuna ubaya gani?"

"Ndevu ni ndevu," Salad akasema. "Kazi yangu ni ya kushikana mikono. Nani atanipa bei ya maana ya fahali nikiwa na maua kwa vidole?"

Kilomita hizo mbili walizimaliza kwa muda mrefu kuliko kumi za kwanza. Mmoja akisimama kukaza kamba ya kiatu, mwenzake anasimama kukagua cheni. Wakafika hatua ishirini kutoka kwenye kamba ya kumalizia, wakashindwa kabisa kusogea. Waliowafuata walipofika walielewa mara moja, nao wakafunga breki. Hivyo mimi na karani tulipotokea, tulikuta msongamano wa baiskeli jangwani kama wa siku ya soko, watu wote wamejaa jasho, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Gitobu alikuwa mbele. Nilipita katikati ya watu, nikasimama nyuma yake kabisa. Aliponiona uso ulimvimba.

"Ulijua."

"Nilijua nini, Baba Kendi?"

"Nkirote." Jina langu hulitumia akiwa amekasirika kikweli, au akiwa mgonjwa. "Nilikuuliza kama kuna jambo la maana."

"Na maji ulibeba?"

Watu wakacheka. Akavuta pumzi, na niliona akibadilisha mbinu, vile anavyofanya akikwama kwenye drafti. Akaja karibu, akashusha sauti.

"Sikiliza. Wewe ni mwanamke. Hina haitakudhuru, tena itakupendeza. Pita tu hapo, hatua ishirini. Utakuwa mshindi wa mwaka huu. Nitakuwa nakusifu mpaka kanisani."

Ilikuwa kweli. Ningeweza kumwokoa kwa kukanyaga mara nne. Watu wote walinyamaza kuningoja, hata kuku wa kwenye kikapu.

"Ningependa," nikamwambia. "Ila shida yangu ni pumzi."

Kelele zilizopigwa hapo nadhani zilisikika barabarani. Salad alilazimika kuegemea baiskeli yake asianguke.

Tungekaa hapo mpaka jua lizame, lakini pilau ilikuwa imeiva, na Sadiya hawezi kuvumilia chakula kipoe. Alituangalia, akaangalia sufuria, akaangalia kamba yake. Kisha akaifungua upande mmoja, akampa Bisharo ashike ule mwingine, na wale wanawake wawili wakaanza kutembea kuja kwetu wakiwa wameinyoosha kamba katikati yao.

"Sheria inasema wa kwanza kufika kwa kamba," Sadiya akaita. "Haisemi kamba ikae wapi!"

Hapo ndipo utaratibu ulipokwisha. Watu wakaanza kurudi nyuma na baiskeli zao kati ya mapaja, wakisukuma mchanga kwa visigino. Karani alikanyaga tai yake mwenyewe. Salad aliinua baiskeli yake nzito yote begani, akakimbia nayo kama ameiiba. Gitobu naye akarudi nyuma hatua moja, ya pili, halafu gurudumu lake la nyuma likagonga langu la mbele.

"Rudi, Mama Kendi! Rudi!"

Mikono yangu ilikuwa juu ya breki. Nilizikaza zote mbili.

Akasukuma. Sikusogea. Akasukuma tena, akageuka kuona nimekwama wapi, na macho yake yakashuka kwenye vidole vyangu, vikiwa vimekaza mpaka vimepauka. Alinitazama. Haikuwa hasira. Alionekana kama mtu ambaye ameishi nyumba moja miaka kumi na tatu na leo ndiyo anagundua kuna chumba kingine. Nikaona aibu kidogo. Kidogo tu. Breki sikuachilia.

Kamba ikagusa gurudumu lake la mbele.

"Mshindi!" Sadiya akasema. "Sasa tule."

Gitobu alifikiria kukataa, nilimwona akifikiria, lakini sinia ya pilau ilipita mbele yake ikiwa na harufu ya iliki na nyama ya mbuzi, akaenda akaketi kwenye mkeka wa Bisharo. Aliinyoosha mikono yake mbele kama mtu anayengoja pingu, na kwa kuwa hakuruhusiwa kushika chochote, ilibidi nimlishe. Nilimtilia tonge mdomoni, akatafuna akiangalia vilima.

Kisha pua ikamwasha. Alivumilia, akaikunja, akaipuliza kwa mdomo.

"Kulia," akasema mwishowe. "Juu kidogo."

Nikamkuna.

Baada ya hapo akaanza kuangalia kazi ya Bisharo. "Hilo ua lina petali sita," akamwambia, "na lile la mkono wa pili lina saba. Hayalingani."

"Mwalimu, maua ya Mungu nayo hayalingani," Bisharo akasema.

"Mengi yanalingana. Nipe kijiti."

Hakuweza kushika kijiti, kwa hiyo alimwelekeza kwa kidevu jinsi ya kugawanya duara mara sita kwa kutumia nusu ya kipenyo chake. Bisharo alijaribu kwanza mchangani. Akaangalia alichochora, akafuta, akachora tena. Halafu akaniambia niongeze maji kwenye bakuli na akaanza upya kwenye kiganja cha kushoto. Walibishana mpaka alasiri, na kazi ilipokauka na kupanguswa, hata Sadiya alikubali kwamba hajaona bi harusi mwenye maua yaliyolingana namna hiyo.

Jumatatu alivaa shati la mikono mirefu na kulifunga vifungo vyote. Bado vidole vilionekana. Glovu katika joto la Isiolo zingeleta maswali zaidi, kwa hiyo alitia mikono mifukoni, akatoka hivyo.

Jioni alirudi, akanawa, akaketi mezani. Nilimpakulia nikingoja aanze mwenyewe.

"Gwaride lilikuwa sawa mpaka bendera," akasema. "Wimbo wa taifa hauimbwi na mikono mifukoni."

"Ukaitoa?"

"Nikaitoa. Minong'ono ikaanzia kidato cha kwanza, ikaenda mpaka nyuma. Wanafunzi mia sita, Mama Kendi. Wimbo ukaisha. Nikainua mikono yote miwili waone vizuri, nikawauliza, 'Mnaangalia nini? Nilishinda.'"

"Wakanyamaza?"

"Wakanyamaza. Halafu msichana mmoja wa kidato cha nne akauliza, 'Ulishinda nini, mwalimu?'" Akamega ugali, akauzungusha kwenye vidole vyake vyekundu. "Sijawahi kuulizwa kitu gwarideni. Nikajikuta nawaambia. Salad, Liban, kamba, yote."

"Na breki?"

"Na breki."

Nikaweka mwiko chini. "Umewaambia watoto mia sita kwamba mimi ndiye niliyekufungia njia? Wakasemaje?"

Gitobu alitafuna polepole, akameza, akanywa maji.

"Walikupigia makofi," akasema. "Walimu ndio walioanza."