Togwa ya Mgeni

Odilia alisukuma povu kwa kiganja, akazamisha ndoo. Maji ya kijito yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, yakinuka maganda ya kahawa yaliyooza. Hapo juu, bomba la kiwanda cha kuosha kahawa lilikuwa bado linatapika. Mchicha wake ulishaungua kwenye matuta. Sasa alibaki na togwa ya kuuza tu, na wateja walikuwa wameanza kunusa kikombe kabla ya kunywa.

"Maji ya togwa ya mgeni usichote huku," alisema Benigna, mwenyekiti wa jumuiya yao, akiwa amesimama ukingoni. "Tutanunua maji ya chupa."

"Mbona sisi tunachota hapahapa?"

"Odilia! Meneja wa kiwanda anakuja kukabidhi mabati ya kanisa letu la kigango. Usituharibie."

"Nataka aonje. Akionja tu, atahamisha bomba."

"Na akikasirika? Mabati yarudi na lori?"

Odilia alijitwisha ndoo. Njiani alisali Salamu Maria. Hakuomba mtu yule aadhibiwe. Aliomba apewe ulimi wa kuonja.

Alipika uji wa mahindi, akaupoza, akatia kimea cha ulezi, akauacha uchachuke. Utamu ulikuja, lakini ile harufu haikutoka.

Siku ya makabidhiano, bango lilitundikwa mbele ya kigango: TUNATUNZA MAZINGIRA, TUNAIJALI JAMII. Meneja, Goodluck, alikuwa kijana mpole mwenye viatu safi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Odilia alipiga magoti, akampa kata kwa mikono miwili. "Hii ni togwa ya maji ya kijito chetu. Ndiyo tunayokunywa tangu mlete lile bomba. Tunaomba mlihamishe."

Katekista Oswald alikohoa. Watu wakaangalia chini.

Goodluck alinusa kata. Akatabasamu.

"Mama, mimi Ruvuma siyo mgeni sana. Hapa mwenye kinywaji huonja kwanza, ili mgeni ajue hakijatiwa kitu. Au nakosea, wazee?"

"Hukosei!" wazee waliitikia, wakicheka kwa furaha. "Huyu kashakuwa Mngoni!"

Akamrudishia kata. "Basi, onja, mama."

Odilia aliishika. Kwa siku zote alizopanga, alikuwa akiufikiria mdomo wa meneja tu.

"Haya ni maji yako, baba," alisema polepole. "Anza wewe."

Minong'ono ilipita kwenye mabenchi. Benigna alimwinamia sikioni. "Onja! Unataka waseme jumuiya yetu inawalisha wageni sumu?"

Odilia aliinua kata.

"Inua zaidi kidogo, mama," alisema Pamela, mpiga picha wa kampuni. "Hapo hapo. Endelea kunywa."

Alikunywa. Watu wakapiga makofi. Goodluck alipiga pia, akaipokea kata, akampa katekista, naye katekista akanywa, akampa aliyefuata. Kata ikazunguka mabenchi yote. Meneja akafungua chupa yake ya maji. Nje, vijana walianza kushusha mabati.

Kabla msimu wa kahawa haujaisha, hakuna aliyenunua tena togwa ya Odilia. Asubuhi moja, tumbo likimkata, alikwenda na ndoo hadi geti la kiwanda. Twaha, mlinzi, alimfahamu mara moja.

"Aa, mama wa tangazo! Karibu."

"Mwanangu, nisaidie ndoo moja ya maji ya kisima chenu."

"Hayo ni ya wafanyakazi, mama. Wewe tena, uje kuomba maji huku?" Alicheka, akanyoosha kirungu juu ya geti. "Yako si ulisema mwenyewe ni mazuri?"

Odilia alitazama juu. Picha yake ilikuwa kubwa kuliko nyumba yake, kata mdomoni, macho yamefumbwa kama ya mtu anayesali. Chini yake waliandika: MAJI SALAMA, JAMII YENYE FURAHA.