Mke wa Mvalishaji

Vumbi la vitambaa linakutangulia mlangoni. Jua la jioni linalinasa mabegani pako, na ndani yake nyuzi, nyuzi za wanawake wengine, zimekung'ang'ania kama zina haki. Nyekundu ya nani hii? Bluu hii ya nani? Nakupangusa, mume wangu, kwa kiganja, na kiganja kinauliza yale ambayo mdomo umeyameza.

Nilikukuta ukivalisha masanamu ya dirishani, kwenye duka la pembeni mwa stendi. Ulikuwa unayasemesha. "Dada, rangi hii inakuzeesha." Nikacheka barabarani peke yangu kama mwehu, nikakupenda hapo hapo. Siku hizi huvalishi masanamu. Siku hizi wanakuja watangazaji, wanakuja mabibi harusi na mama zao, na anakuja yule mwimbaji, yule mwenye shingo ndefu, ambaye jina lake halipiti kooni kwangu.

Naijua kazi yako. Hugusi nguo kwanza. Unamwambia mtu, "Tembea," naye anatembea, nawe umenyamaza, kichwa umekilaza upande, unayasikiliza mabega yake. Unajua nani anaficha tumbo na nani anaficha msiba. Kisha unaanza kupunguza. Mkufu unatoka. Mkanda unatoka. Mpaka anabaki yeye na kitu kimoja kinachong'aa. "Nguo isiingie chumbani kabla ya mwenyewe," unasema. Wanalia mbele ya kioo. Wanakukumbatia. Wanasema hakuna aliyewahi kuwaona hivyo.

Na mimi je? Mimi ukinitazama, unaniuliza chumvi iko wapi.

Siionei wivu mikono yako viunoni mwao. Mikono ni kazi, pini ni pini. Naonea wivu ule ukimya. Naonea wivu kichwa kilicholala upande. Wao wanapata macho yako yakiwa mapya asubuhi, mimi napata yaliyobaki.

Jumamosi nikashindwa. Nikapaka wanja, nikavaa hereni zangu kubwa, nikaja kwenye chumba chako cha kazi, nikakaa kwenye benchi, mkoba magotini, nikasubiri zamu kama wengine.

Ulipofungua mlango kuita anayefuata, ukashtuka.

"Mama Pacha! Watoto wazima?"

"Wazima. Nimekuja kuvalishwa."

"Kuna sherehe?"

"Hakuna."

Ukacheka. Sikucheka. Ukafunga mlango.

"Haya, tembea," ukasema.

Nikatembea, kutoka dirishani hadi kwenye kioo, na goti langu hili lililochoka tangu nibebe pacha. Ukaleta gauni la kijani, ukalirudisha. Ukaleta la rangi ya maziwa, ukalirudisha. Pini zikakuponyoka, zikatawanyika sakafuni.

"Vipi?" nikauliza. "Mimi sivaliki?"

"Nimekuzoea," ukasema polepole. "Sioni pa kuanzia."

"Anzia ulipoachia."

Simu ikalia mezani. Picha ya yule mwimbaji ikawaka, shingo na yote.

"Pokea," nikasema, meno yangu yakiwa yameumana.

Ukapokea. Macho yako hayakunitoka. "Nitakupigia baadaye," ukamwambia. "Niko na mteja."

Mteja! Ndoa yote hii, pacha wawili, mteja! Ningekuwa na akili zangu ningechukua mkoba wangu nikaondoka. Lakini kichwa chako kilikuwa kimelala upande. Ulikuwa umenyamaza, ukimya ule ule, wangu, wote. Kisha ukanyoosha mkono ukanivua hereni moja, taratibu, ukanivua na ya pili.

Nikaogopa hata kupumua. Kwenye kioo alisimama mwanamke unayemtazama hivyo, masikio matupu, shingo yake nayo ndefu kumbe, nikamwonea wivu kuliko wote. Maana nilijua ikifika jioni atavaa hereni zake, atapanda basi, atarudi nyumbani, na atakuwa mimi.