Kitanda Kilichokuwa Njiani Tangu Juni

Niliota usiku wa jana kwamba kitanda cha kujifungulia kimebisha hodi mlangoni kwangu na kuniomba maji ya kunywa.

Kabla sijaendelea, niseme yasiyo ya ndoto. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mapokezi ya zahanati yetu ya Mkoswe. Kazi yetu ni kuangalia vifaa vinavyoletwa, kisha kusaini kwamba vimefika. Mwezi Juni mtendaji wetu wa kijiji, Bwana Kapele, alinifuata shambani na karatasi. "Mama Filista, saini tu hapa. Mwaka wa fedha unaisha kesho, na kitanda kiko njiani." Nikasaini juu ya kitako cha ndoo. Sasa ni Novemba, kitanda hatujakiona, mwanangu Filista ana mimba ya miezi tisa, na mkaguzi anakuja leo asubuhi kutoka mbali, hajuani na mtu hapa. Bwana Kapele alishanipa cha kumjibu: kitanda kimepelekwa kutengenezwa. Nililala nikikariri hayo, roho imenikaa vibaya.

"Wewe ndiye kitanda cha Mkoswe?" nauliza.

"Ndiye mimi. Niko njiani." Miguu yake yote minne imejaa vumbi jekundu. "Ila wewe ulisema nimefika. Sasa sijui nitembee au nisimame."

Nakipa maji. Kinakunywa, yote yanamwagika sakafuni, kinashukuru. Nakikaribisha ndani, natangulia, kumbe ndani si kwangu tena. Ni ofisi ya kijiji, na ukutani zimetundikwa sufuria zangu.

Katikati amesimama mkaguzi, mwanamume mfupi wa suti ya kahawia. Amekuja na kiti chake, maji yake, na kivuli chake amekikunja kwapani.

"Mimi ni mkaguzi huru," anasema. "Sikalii kiti cha ninayemkagua, wala sinywi chai yake."

Bwana Kapele anamnyoshea sahani. "Hata sambusa moja, mheshimiwa?"

"Hata moja."

"Hata kuinusa?"

Mkaguzi anaziba pua. "Hewa ya humu ni ya nani?"

"Ya halmashauri."

Basi anafungua kidumu alichokuja nacho, anavuta hewa yake mwenyewe, anakifunga vizuri. Inamtosha mpaka saa sita, anasema. Naona ni jambo la kawaida kabisa, hata najilaumu kwa kutobeba yangu.

Anafungua daftari. "Kitanda cha kujifungulia, kimoja, kimepokelewa. Kiko wapi?"

Nageuka kukionyesha. Kitanda kimesimama mlangoni, hakivuki kizingiti.

"Siwezi kuingia," kinasema kwa huzuni. "Kwenye karatasi niko ndani tayari. Tutakuwa wawili."

Na kweli, kona ya ofisi kuna kitanda kingine, cha karatasi tupu, saini yangu imekatiza katikati yake. Filista anaingia ameshika kiuno. Hakuna anayeshangaa.

"Karibu mama, panda," karatasi inamwambia kwa adabu. "Ila usiheme kwa nguvu."

"Mama, kitanibeba?" Filista ananiuliza.

Bwana Kapele ananikanyaga mguu. "Mwambie mheshimiwa kimepelekwa kutengenezwa."

Nafungua kinywa niseme. Haitoki sauti, inatoka nati ya kitanda. Najaribu tena, inatoka nyingine. Mkaguzi anaziokota, anazifuta kwa leso, anazipanga juu ya daftari.

"Nati mbili," anaandika. "Kitanda bado."

Filista ameshapanda. Karatasi inaanza kuchanika, na inaanzia palepale kwenye saini yangu. Nainama nikaishike kwa chini, napiga magoti, naweka viganja sakafuni, na mwanangu ananikalia mgongoni kwa uzito wake wote. Mkaguzi anachovya brashi kwenye kopo la rangi nyeupe na kuniandika mkononi, chini ya kiwiko: 017.

"Mimi si kitanda, baba!"

"Kila mali ya zahanati lazima iwe na namba. Daftari linasema kitanda ni kimoja, na humu anayembeba mzazi ni wewe." Anapuliza rangi ikauke. "Mama, karatasi nimeshaisoma, haina jipya. Nakuuliza wewe. Ulikiona?"

Bwana Kapele anatazama sambusa zake.

"Nikiandika hakipo, watadaiwa wakilete," mkaguzi anasema taratibu. "Nikiandika kipo, nani ataleta kitu ambacho kipo?"

Kule mlangoni kitanda kinanitazama. Filista anaguna juu ya mgongo wangu, na aibu inanipanda mpaka masikioni.

"Sikukiona!" napiga kelele, na safari hii ni sauti, si nati. "Nilisaini kabla hakijaja, shambani, juu ya ndoo!"

Mkaguzi anachora mstari mmoja kwenye daftari. Kitanda kinashusha pumzi ndefu, kinajikung'uta vumbi, kinainua mguu wa kwanza kuvuka kizingiti.

Nikaamka. Kumekucha, jogoo wa jirani ameshachoka kuwika, na chumba cha pili Filista anajigeuza akiguna. Mgongo uliniuma. Nikakaa kitandani kwangu, cha mbao, kisichosema kitu, nikamshukuru Mungu kwamba ni ndoto tu.

Kisha nikajikuna chini ya kiwiko, kidole kikarudi cheupe. Rangi ilikuwa bado mbichi. Humu ndani hatujawahi kuwa na kopo la rangi. Nilisugua kwa sabuni ya mche, nikasugua kwa majivu, na ile 017 ikazidi kung'aa.

Hodi ikapigwa. Bwana Kapele, na shati lililopigwa pasi.

"Mama Filista, mgeni ameshafika, amekataa hata chai. Unakumbuka cha kusema?"

"Nakumbuka," nikamjibu, nikakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, 017 ikaonekana wazi, nikatangulia kwenda ofisini.